Lubumbashi: Gari iliyoshushwa hula mpira upande usioonekana

Mlio unaanza kwenye kona, siku gari imebeba watu watano. Kitu kinakwaruza chini ya bati, kisha kinanyamaza volani ikirudi katikati. Mara ya kwanza dereva anaongeza sauti ya muziki. Wiki mbili baadaye mlio unarudi kwenye kila dodane, hata bila kukata kona, na harufu ya mpira ulioungua inaingia kwa dirisha. Hapo ndipo gari inapelekwa garaji, na mara nyingi wa kwanza kuitwa ni tolie mwenye nyundo. Anakunja bati kidogo, mlio unaisha, pesa inalipwa. Lakini sababu iliyoleta mlio inabaki pale pale chini ya gari.

Magari yaliyoshushwa yanapendwa na vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ambako barabara kuu zina lami. Siku ya harusi ndiyo yanaonekana vizuri zaidi: janti kubwa, nafasi ndogo kati ya mpira na bati, gari imelala chini kama paka anayevizia. Kwenye lami nzuri gari ya namna hiyo pia haiyumbi sana. Hakuna ubaya wowote katika kupenda hivyo, mradi kazi ifanywe mpaka mwisho.

Kuna pia wale ambao hawakushusha chochote. Walinunua gari ikiwa hivyo tayari. Sehemu kubwa ya magari ya mitumba yanayoingia Katanga kupitia Kasumbalesa yanatoka Japani na kushukia bandari kama Dar es Salaam au Durban. Japani ina desturi ya zamani ya kushusha magari, mpaka kuna neno lake maalum, shakotan. Kwa hiyo Toyota Altezza au Mark II inaweza kufika Lubumbashi ikiwa na resori fupi ambazo mnunuzi hakuziomba wala hakuambiwa habari zake. Ukiinama na kuona resori nyekundu, njano au bluu inayong'aa nyuma ya gurudumu, ni dalili kwamba mwenye gari wa kwanza alibadilisha kitu. Na ukikuta nati za amotisere zimekwaruzwa na funguo, mtu alishapita hapo.

Mlio wenyewe si hatari kubwa. Hatari iko upande wa ndani wa mpira, ule unaotazama injini, ambao mwenye gari hauoni akisimama kando. Kwa nje meno ya mpira ni mazima, mtu anasema bado una mwaka mzima. Kwa ndani, kwenye upana wa vidole viwili tu, mpira umelika mpaka nyuzi na waya zimeanza kutokea. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120 za RN1, barabara ambayo magari madogo yanagawana na makamyoni ya migodi. Mpira wa mbele ukipasuka kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, volani inavutwa upande huo, na dereva ana nafasi ndogo sana ya kuchagua aelekee wapi.

Gari ikishuka, gurudumu linageuka

Kwenye magari mengi madogo ya Japani, gurudumu la mbele limeshikwa na vitu viwili vikubwa: mkono wa chini wenye rotili kwenye ncha yake, na amotisere iliyosimama juu yake pamoja na resori. Bodi ya gari ikishuka, upande wa ndani wa mkono unashuka nayo, lakini gurudumu linabaki juu ya lami. Matokeo yake, sehemu ya juu ya gurudumu huegemea ndani. Mafundi wanaita hali hiyo karosaji hasi. Ukisimama mbele ya gari utaona magurudumu mawili yamekaa kama miguu ya mtu aliyeitanua kidogo.

Wakati huo huo biyeleti za volani nazo zinabadilisha pembe yake. Zikibadilika zinasukuma au kuvuta gurudumu, na mbele ya magurudumu mawili inafunguka au kufungwa. Hiyo ndiyo paralelisme. Inafunguka au inafungwa kwa kiasi gani, inategemea kremayeri imewekwa wapi kwenye gari hiyo, mbele au nyuma ya ekseli. Kwa hiyo fundi anayesema anajua kwa macho tu gari yako imeharibika kiasi gani, anabahatisha.

Watu wengi wanalaumu karosaji kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini karosaji ya digrii 1 au 2, ikiwa paralelisme iko sawa, hula mpira polepole, na mwenye gari anaweza kuibadilishia mipira upande kwa upande akaendelea. Paralelisme mbaya ndiyo inayomaliza mpira mpya kwa wiki chache. Hesabu yake ni rahisi. Gurudumu lililogeuka nusu digrii tu kutoka kwenye mwelekeo wa gari linaburutwa upande karibu mita 9 kila kilometa 1. Ukifika Likasi, mpira huo umeburutwa kwenye lami zaidi ya kilometa nzima, kama mtu anayesukuma meza bila kuinua miguu yake. Na ikiwa gurudumu hilo tayari limeegemea ndani, basi uburutaji wote unaangukia kwenye ule upande wa vidole viwili.

Nusu digrii ni ndogo sana. Kwenye janti ambayo kingo zake za mbele na za nyuma zimeachana milimita 400, ni tofauti ya milimita 3 na nusu. Jicho la mtu haliioni.

Janti kubwa nayo ina hesabu yake

Mara chache mtu anashusha gari na kuacha mipira ya kiwanda. Kwa kawaida anabadilisha na janti, na hapo ndipo kusugua kunapoanza.

Chukua gari iliyotoka kiwandani na mpira wa 195/65 R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni ukubwa wa janti kwa inchi. Mwenye gari ananunua mpira wa 225/45 R17. Kimo chote cha magurudumu hayo mawili ni karibu kile kile, milimita 634, kwa hiyo saa ya mwendo haitadanganya. Lakini mpira mpya una milimita 30 zaidi za upana: 15 zinaingia ndani kuelekea amotisere, 15 zinatoka nje kuelekea bati.

Halafu kuna namba ambayo wauzaji wengi hawaitaji: ET, ambayo kwa kawaida imeandikwa nyuma ya janti au ndani ya mkono wake mmoja. Inaeleza uso unaofungwa kwenye gari uko mbali kiasi gani na katikati ya janti. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ukitoka ET45 ukaweka ET35, gurudumu limetoka milimita 10. Ukijumlisha na zile 15 za upana, ukingo wa nje wa mpira umesogea milimita 25 kuelekea bati. Hiyo ni sentimita 2 na nusu kwenye gari ambayo wakati huo huo imeshushwa sentimita 4. Hakuna haja ya kutafuta mchawi.

Upande wa ndani, hesabu hiyo hiyo inatoa milimita 5 tu za kusogea. Ndiyo maana gari moja inasugua bati la nje na nyingine, yenye mpira wa upana ule ule lakini ET kubwa, inasugua amotisere. Dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Chaki kabla ya nyundo

Mafundi wazuri wanaanza na chaki. Wanapaka mabega ya mpira, nje na ndani, na kingo za bati zinazokaribiana nao. Wanapandisha watu watano ndani ya gari, au mifuko ya uzito huo. Kisha gari inatembezwa polepole kwenye uwanja, volani ikizungushwa mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, mbele na nyuma. Baada ya hapo gurudumu moja la mbele linapandishwa juu ya ukingo au ubao mnene ili resori ijikunje, na volani inazungushwa tena. Mahali chaki imefutika ndipo mpira unagusa.

Mara nyingi ni mojawapo ya sehemu nne. Ya kwanza ni ukingo wa bati la nje, ambako chuma kinakuwa cheupe na kinang'aa. Ya pili ni plastiki iliyo ndani ya tundu la gurudumu, hasa pembe ya mbele karibu na bampa. Hiyo husugua volani ikiwa imekatwa mpaka mwisho. Ya tatu ni amotisere yenyewe au kikombe kinachobeba resori. Ya nne, mbaya kuliko zote, ni bomba la breki au waya wa ABS ulioachwa ukining'inia baada ya mtu kufungua amotisere na kutorudisha kibanio chake. Plastiki inaweza kusuguliwa mwaka mzima bila kumuua mtu. Bomba la breki likikwaruzwa linapaswa kubadilishwa siku ile ile, gari isitoke garaji.

Plastiki ni kazi ya dakika chache. Mara nyingi vibanio vyake vimevunjika na imelegea tu. Ikirudishwa na kufungwa vizuri, mlio unaisha. Ni ajabu ni bati ngapi zimekunjwa kwa sababu ya kibanio kimoja.

Ikiwa ni ukingo wa bati, swali la kwanza ni kama gari imeshuka kupita kiasi. Kupandisha sentimita 1 mara nyingi kunatosha, na kwa zile amotisere zenye nyuzi ambazo zinazungushwa kwa ufunguo, ni kazi ya nusu saa. Wenye gari hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu sentimita 1 inaonekana kwenye picha. Swali la pili ni ET ya janti. Swali la tatu ndilo la tolie.

Kukunja ukingo kuna namna yake. Bati lazima lipashwe moto taratibu, kiasi cha rangi kulainika bila kuungua, kisha lisukumwe kidogo kidogo. Likikunjwa likiwa baridi, rangi hupasuka ndani ambako haionekani, maji ya mvua za Novemba mpaka Aprili yanaingia, na baada ya misimu miwili kutu inatokea juu ya gurudumu. Kukata ukingo kwa msumeno ni kubaya zaidi. Pale ukingoni ndipo bati la nje na la ndani limeunganishwa. Ukikata, unafungua mshono wote.

Ikiwa mpira unagusa amotisere, wengi wanaweka bamba la kusogeza janti nje. Linaweza kufaa, lakini bulo za gurudumu haziongezeki urefu kwa sababu bamba limewekwa. Toyota nyingi hutumia bulo za M12 zenye hatua ya milimita 1.5, na nati inapaswa kuzunguka angalau mara 8 kabla ya kukaza. Ikizunguka mara 4 au 5 halafu ikakaza, gurudumu limeshikwa na nusu ya nyuzi. Na rondeli zilizopangwa nyuma ya janti badala ya bamba kamili hazipaswi kukubaliwa na mtu yeyote, hata kwa kilometa 2.

Resori iliyokatwa

Resori fupi za kununuliwa ni ghali kwa vijana wengi, kwa hiyo zile za kiwanda hukatwa. Wengine huzikata kwa moto, wengine wanazipasha tu mpaka zilale chini zenyewe. Njia hii ya pili ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu chuma cha resori kilipata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. Kikipashwa tena kwa shalimo kinapoteza nguvu hiyo, na kinaendelea kushuka kila mwezi mpaka siku kinapovunjika. Paralelisme iliyorekebishwa leo haitakuwa sawa mwezi ujao, kwa sababu kimo cha gari kinabadilika chini yake.

Kukata kwa diski, bila joto kubwa, hakuharibu chuma namna hiyo, lakini kuna mambo mawili yanayobaki. Resori yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa 1, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Gari inaanza kuruka kwenye mashimo. Jambo la pili ni kwamba resori fupi haijazi tena nafasi yake wakati gurudumu linaning'inia. Gari ikiinuliwa kwa kriki, resori iliyokatwa unaweza kuizungusha kwa mkono. Gurudumu likidumbukia kwenye shimo refu kwa kasi, resori hiyo inaweza kutoka kwenye kikombe chake na kurudi ikiwa imekaa vibaya. Huo ni ukaguzi ambao kila mwenye gari anaweza kuufanya mwenyewe: inua, shika, jaribu kuzungusha. Ikizunguka, hapo hakuna la kurekebisha. Inatolewa.

Amotisere za kiwanda nazo hazikutengenezwa kufanya kazi chini hivyo. Zinaishi karibu na mwisho wa safari yake, zinapiga kipira cha kuzuia kila dodane, na baada ya muda mfupi zinatoa mafuta. Mwenye gari anadhani amotisere za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini hata ya asili haivumilii.

Goma na Bukavu: mawe kabla ya bati

Upande wa Kivu hesabu ni nyingine. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ukitoka kwenye lami unakuta barabara za mitaa ambazo ni jiwe tupu lenye meno. Huko mpira wa ubavu mfupi, kama 45 au 40, hauna nafasi ya kujikunja: jiwe linagonga janti moja kwa moja na kuipinda, au linapasua ubavu wa mpira, ambao kwado hawezi kuuziba kwa usalama. Karteri ya mafuta inagonga kabla hata mpira haujafikia bati. Bukavu ina vilima, na gari iliyo chini inakwaruza bampa kwenye kila mlango wa parcelle. Kwa mkaaji wa miji hiyo anayetaka gari yenye sura nzuri, kushuka sentimita 2 na kubaki na ubavu wa 55 au 60 ni busara kuliko kufuata picha za Japani. Na mipira yake aikague mara mbili zaidi, kwa sababu kila jiwe kubwa linaweza kupinda biyeleti na kuharibu paralelisme kwa pigo moja.

Paralelisme ndiyo ya mwisho

Kosa linaloonekana sana ni mpangilio. Mtu anashusha gari asubuhi, mchana anapeleka kwenye mashine ya paralelisme, jioni anabadilisha janti. Mashine haikufanya kosa lolote. Ilipima gari ambayo haipo tena. Resori mpya zinahitaji siku kadhaa za kutembea ili zikae. Kupima kunakuja baada ya hapo, baada ya kusugua kumalizwa na kimo kuamuliwa.

Kabla ya kupima, kinachocheza kinatafutwa. Gurudumu likiwa juu linashikwa juu na chini na kutikiswa, kisha kushoto na kulia. Rulema, rotili na ncha za biyeleti zilizochoka zinajitambulisha hapo. Kurekebisha gari yenye rotili inayocheza ni kupoteza pesa, kwa sababu namba zitabadilika kwenye kona ya kwanza. Upepo wa mipira unasawazishwa. Na kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakisahau: silabloki za mikono. Zilikazwa kiwandani gari ikiwa kwenye kimo chake cha zamani. Gari ikishuka zinabaki zimejipinda muda wote na kupasuka mapema. Bulo zake zinapaswa kulegezwa na kukazwa tena gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake.

Kazi inaanzia nyuma, kisha inakuja mbele. Kwenye gari ndogo nyingi, ekseli ya nyuma ni kipande kimoja ambacho hakina bulo ya kurekebisha. Hapo kinachopimwa ni kama haikupinda. Mbele, karosaji inarekebishwa kwanza, kwa sababu ukiigusa, paralelisme inahama. Zipo bulo maalum zenye kichwa kisicho duara zinazoingia pale amotisere inapofungwa, na zinaweza kurudisha digrii 1 au zaidi kidogo. Kwa Toyota nyingi za amotisere ya kusimama hiyo inatosha kwa gari iliyoshuka kwa kiasi. Iliyoshuka sana itahitaji zaidi, na pesa zaidi.

Garaji isiyo na mashine inaweza kufanya kazi hii kwa uzi. Gari inawekwa mahali palipo sawa, inasukumwa mbele mita chache ili magurudumu yakae, na nyuzi mbili zinavutwa kando yake, kushoto na kulia, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Nyuzi lazima ziachane sawa mbele na nyuma, na kila moja iwe mbali sawa na katikati ya gurudumu upande wake. Upana wa mbele na wa nyuma wa gari haulingani daima, kwa hiyo haitoshi kugusisha uzi kwenye mipira. Kisha inapimwa kutoka uzi mpaka ukingo wa mbele wa janti, na kutoka uzi mpaka ukingo wa nyuma. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo paralelisme ya gurudumu hilo. Magari mengi madogo yanataka iwe karibu na sifuri. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Kwa karosaji, uzi wenye jiwe unaning'inizwa mbele ya janti: kwenye kingo zilizoachana milimita 400, kila milimita 7 za tofauti kati ya juu na chini ni digrii 1.

Biyeleti mbili zinazungushwa kwa kiasi sawa, kushoto na kulia. Zikizungushwa upande mmoja tu, gari itaenda sawa lakini volani itakaa imepinda, na mwenye gari atarudi kesho yake akilalamika. Baada ya kila kurekebisha, gari inasukumwa tena kabla ya kupima, kwa sababu mpira ulioshikwa na sakafu unadanganya. Wengine wanaweka chini ya kila gurudumu la mbele mabamba mawili yenye grisi katikati, na hiyo inafanya kazi nzuri.

Majaribio yafanywe kwenye barabara iliyo sawa. Barabara nyingi zimejengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, na kwa kuwa Kongo inaendesha kulia, gari nzima kabisa huvutwa kidogo kulia. Mwenye gari anayerudi kulalamika apelekwe kwanza upande wa pili wa mgongo huo, mahali pasipo na magari. Ikivuta kushoto huko, gari haina shida.

Kilichobaki ni kuinama. Kila wiki mbili mwanzoni, volani ikatwe mpaka mwisho gari ikiwa imesimama, na upande wa ndani wa mipira ya mbele uangaliwe kwa taa ya simu. Ndani ya mifereji ya mpira kuna vijinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6; meno yakilingana navyo, hata upande mmoja tu, mpira umekwisha. Ile ya nyuma inahitaji mkono: kiganja kinapitishwa polepole kwenye meno kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Mwendo mmoja ukiwa laini na mwingine ukikwaruza kama meno ya msumeno, paralelisme imehama tena, na uzi unarudi kuvutwa kando ya gari.